Bastola: namna ya kuisafisha na kuitunza
Na Mwandishi Wetu, Ngara

KWA wakazi wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, habari za silaha si ngeni. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na katika miaka iliyofuata silaha za vita vya nchi jirani zikaangukia mikononi mwa majambazi, hata mabasi yakawa yanapita misitu ya Biharamulo yakisindikizwa na askari wenye bunduki. Makala haya yanamhusu raia mwenye bastola ya halali, aliyepewa leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991.

Wengi hudhani kuwa hatari ya bastola ipo wakati wa kuitumia tu. Lakini silaha inayosafishwa nyumbani, mezani, watoto wakiwa karibu, imekwisha kuua watu mahali pengi duniani, na chanzo karibu daima ni kimoja: risasi iliyosahauliwa ndani ya chemba.

Kwa hiyo utaratibu wa kuondoa risasi haupaswi kupinduliwa. Mtutu ukiwa umeelekezwa mahali pasipo na mtu, na kidole kikiwa mbali na kifyatulio, magazini hutolewa kwanza, kisha bastola hukokiwa ili risasi iliyobaki ndani itoke. Anayekoki kabla ya kutoa magazini hutoa risasi moja na papo hapo kuingiza nyingine, naye huamini kuwa silaha yake ni tupu. Chemba itazamwe kwa macho, tena ipapaswe kwa ncha ya kidole. Zipo bastola ambazo haziwezi kufunguliwa bila kwanza kuvuta kifyatulio, na hizo ndizo zisizosamehe uzembe. Risasi zote zitolewe katika chumba hicho.

Usafi wenyewe si kazi kubwa. Brashi ya shaba au ya nailoni, iliyotiwa dawa ya kuyeyushia masizi ya baruti, hupitishwa ndani ya mtutu kuanzia upande wa chemba pale umbo la silaha linaporuhusu, kisha hufuata vitambaa vikavu hadi kitoke kilicho safi. Mafuta ya taa huondoa uchafu lakini hayazuii kutu, hivyo lazima yafuatiwe na mafuta mepesi ya silaha, tena kidogo tu. Yakizidi hunasa vumbi, na vumbi la barabara za Ngara halihitaji kukaribishwa. Mafuta ya kupikia hayafai kabisa, kwani hugeuka kuwa gundi.

Adui mwingine ni unyevu, hasa wakati wa vuli na masika. Bastola isihifadhiwe kwa muda mrefu ndani ya mkoba wake wa ngozi, kwa sababu ngozi hufyonza maji na kuyashikilia dhidi ya chuma. Iliyonyeshewa mvua, au kushikwa kwa mikono yenye jasho, ifutwe siku hiyo hiyo, kisha ifungiwe katika kasha la chuma, risasi zikiwekwa mahali pengine.

Jambo tofauti ni silaha ya zamani inayookotwa shambani, au kukutwa darini baada ya mwenye nyumba kufariki. Hiyo haisafishwi wala kujaribiwa. Risasi yake huenda bado ipo ndani, na kutu huweza kuziba mtutu hata ukapasuka mkononi mwa mfyatuaji. Mwaka 2022 Serikali ilitoa msamaha wa miezi miwili, Septemba na Oktoba, kwa waliosalimisha kwa hiari silaha walizomiliki kinyume cha sheria. Anayeikuta leo aiache pale ilipo, azuie watoto wasiisogelee, na awaite polisi waje kuichukua.