Unaandika Online na Uko Waithaka? Bima Ni Juu Yako

Kama unaandikia wateja wa majuu ukiwa kwa keja yako Waithaka, hakuna bosi wa kukukatia bima kwa mshahara. Ukilazwa, kazi inasimama na doo inasimama siku hiyo hiyo. Jipange hivi:

1. SHA. Ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Jisajili bure kwa *147#. Hata kabla hujalipa kitu, ukishasajiliwa unafaa kutibiwa bure kwa vituo vidogo vya serikali, kama kile cha afya cha hapo mtaani.

2. SHIF. Hii ndiyo inasimamia kulazwa hospitali kubwa, wewe, bibi ama bwana, na watoto. Unajibu maswali kuhusu maisha ya nyumbani, unapigiwa hesabu ya 2.75% ya mapato. Haishuki chini ya soo tatu kwa mwezi. Shida ni kwamba waliojiajiri hulipa ya mwaka mzima mara moja: 3,600 kwenda juu. Huna zote? Kuna mkopo wa Lipa SHA Pole Pole.

3. Kampuni binafsi. Kabla ya kutia sahihi, uliza: ugonjwa nilio nao tayari unasubiri miezi mingapi? Na kujifungua? Hakikisha wana leseni ya IRA.

4. Uzeeni. Haba Haba ya NSSF inaanzia bob 25 kwa siku.

Gig poa ikiingia, lipa SHIF kabla ya sherehe. Ukingoja hadi ulazwe, utaitishwa ya mwaka mzima wakati hauandiki hata ukurasa mmoja.