Rubani Angani, Mpagazi Ardhini

Ndugu msikilizaji, juma hili tunamzungumzia rubani mmoja, Kenneth van der Spuy wa Afrika Kusini, mzaliwa wa mwaka 1892. Utauliza, yeye na Bariadi wapi na wapi? Subiri kidogo.

Kijana huyo alianza kujifunza kuruka mwaka 1913 huko Kimberley, kisha akapelekwa Uingereza. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, alikuwamo katika Kikosi cha 26 cha ndege, kilichoteremka Mombasa mwisho wa Januari 1916 ili kumsaidia Jenerali Smuts kumfukuza von Lettow-Vorbeck. Ndege zenyewe zilikuwa za mbao na turubai. Joto liliipinda mbao na kuidhoofisha injini. Kazi yake rubani ilikuwa kumtafuta adui kutoka juu, lakini askari wa Mjerumani walijificha porini, na juu huonekana majani matupu.

Sasa, petroli ya ndege hizo ilifikaje Morogoro na kusini zaidi? Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, na mvua ilizamisha magari. Mizigo ya jeshi hilo, petroli ikiwamo, ikaishia vichwani mwa watu. Hapo ndipo Usukumani kunapoingia. Mjerumani alikuwa tayari amewachukua wapagazi huko. Na Waingereza walipouteka mji wa Mwanza Julai 1916, nao wakaendelea kuwachukua. Nchi tunayoiita leo Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, ilikuwa chini ya Mwanza hiyo. Mwanamume aliyezoea jembe na mifugo alijikuta mbali na kwao, na mzigo kichwani, chakula haba, kuhara na malaria. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa njaa na magonjwa kuliko risasi. Kambi yao moja ilikuwa Dar es Salaam, na jina la kikosi chao cha Kiingereza, likatamkwa kwa ulimi wetu, ndilo Kariakoo.

Rubani wetu aliendelea. Mwaka 1919 alikuwa Urusi. Injini ikamzimikia, Wabolsheviki wakamtia gerezani Moscow hadi 1920. Katika Vita ya Pili alikuwa tena kazini, akafikia cheo cha Meja Jenerali. Safari hiyo wana wa Usukuma waliitwa si kubeba mizigo tu bali kushika bunduki katika KAR, na baadhi ya askari wa Tanganyika walifika Burma.

Van der Spuy aliandika kitabu cha maisha yake mwaka 1966, akafariki 1991 akikaribia miaka mia. Simwonei wivu, alistahili kusimulia. Ila mpagazi aliyebeba lile debe hakuulizwa na mtu.

Basi ndugu msikilizaji, kama ukoo wako huko Dutwa au Nkololo bado unalitaja jina la babu aliyekwenda na hakurudi, liandike. Andika na kijiji chake.