Kwani Mpokea Simu ya Dharura ni Karani?

Watu wangu, leo tuongee kifo kidogo. Msikimbie.

Binamu yangu anapokea simu za dharura, zamu ya usiku, kwa kampuni fulani ya ambulensi hapa Nairobi. Majuzi waliletewa fomu ya bima ya maisha. Dereva ako na kundi lake, muuguzi ako na lake, na pesa zao ni za maana. Yeye akawekwa na watu wa ofisi, kiwango cha chini kabisa. Akaniuliza, "Kwani mimi ni karani?" Nikaanza kuchimba, kumbe swali lake ni la zamani na halikuanzia Kenya.

Novemba 1935 nyumba ilishika moto Wimpole Street, London, wanawake 5 wakafa. Jirani aliyejaribu kuita wazima moto alingojeshwa kwa laini na kituo cha simu, akaandikia gazeti la The Times barua ya hasira. Tarehe 30 Juni 1937 namba 999 ikaanza kazi London, ya kwanza duniani. Lakini nani alipokea? Wale wale waendeshaji wa simu wa posta waliokuwa wakiunganisha simu za kawaida. Taa nyekundu ikiwaka, unaacha ya kawaida unashika ya kufa na kupona. Kazi hii ilizaliwa ndani ya ofisi, na jina la ofisi likaigandia.

Marekani walifuata 16 Februari 1968, simu ya kwanza ya 911 ikapigwa Haleyville, Alabama. (Mwanasiasa alimpigia mwanasiasa. Wangeacha kamera ipite?)

Halafu 1976 Bunge la Marekani likapitisha sheria: polisi au mzima moto akifa kazini, familia inapewa dola 50,000. Leo zimepita 400,000, na orodha imeongezwa watu, hadi wahudumu wa ambulensi na makasisi wa vikosi. Mpokea simu, kwa kawaida, bado yuko nje. Mwaka 2003 wakaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi baada ya kazi yenye msongo, lakini wakaandika kwamba kazi ya ukarani, ya utawala au isiyo ya mikono haihesabiki. Hapo niliweka simu chini nikaenda kupika chai.

Kwa sababu ni nini kinaua mtu wa kiti? Si risasi. Ni presha, usiku bila usingizi, sauti ya mama anayelia mtoto hapumui. Hata mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, unakubali kwamba kusikia maelezo ya kutisha tena na tena kazini kunaweza kuleta kiwewe. Ila kwa takwimu za kazi za serikali yao, waliporekebisha orodha 2018, mpokea simu alibaki kundi moja na makarani. Mbunge Norma Torres, ambaye mwenyewe alipokea simu za 911 Los Angeles, alileta mswada 2019 kubadilisha hilo.

Sasa, pesa. Bima ya kundi ya mwajiri kwa kawaida huisha siku ukiacha kazi, na hii kazi watu huiacha wakiwa wamechoka na tayari wagonjwa. Ukienda kutafuta yako wakati huo, utaulizwa presha, utaulizwa dawa za usingizi, na ada inapanda ama unakataliwa. Kwa hivyo unachukua yako mapema, ukiwa mzima, na unasema ukweli kwa fomu, juu ukidanganya ni watoto watanyimwa. Pia soma kama ni bima ya ajali pekee, maana kiharusi si ajali. Hapa kwetu sheria ya majeraha kazini ya 2007 inataja mshahara wa miezi 96 kwa kifo, lakini jaribu kuthibitisha kwamba kiharusi kililetwa na simu ya saa tisa usiku. Ndiyo maana matanga yetu yanaishia kwa paybill na kikundi cha WhatsApp.

Binamu ako na watoto wawili wadogo. Pale pa mnufaika nilimwambia aandike pia mlezi, mtoto mdogo hapewi hela mkononi. Akaandika mama yake. Pale pa aina ya kazi amefuta kile kilichochapishwa, akaandika kwa kalamu: dharura. Ofisi bado haijamjibu.