Kusema na Mtu na Kumsema Mtu: Historia ya Alama ya @ katika Mazungumzo ya Mtandaoni

Ikisiri
Makala hii inafuatilia historia ya alama ya @ tangu ilipoingizwa katika anwani za baruapepe mwaka 1971 hadi ilipokuwa chombo cha kumwita na kumwarifu mtu katika mazungumzo ya mtandaoni. Inadaiwa kwamba badiliko la mwaka 2009 liliunganisha vitendo viwili vya lugha ambavyo sarufi ya Kiswahili huvitenganisha, na kwamba jambo hilo lina athari kwa ukusanyaji wa data za lugha.

1.0 Utangulizi
Kiswahili hutofautisha kusema na mtu na kumsema mtu. Anayesemeshwa yupo na anatarajiwa kujibu. Anayesemwa kwa kawaida hayupo, na akiwapo, maneno huelekea kuwa kijembe. Katika maandishi ya mtandaoni, vitendo hivi viwili sasa hubebwa na alama moja. Ili kueleza ilivyotokea hivyo, hapana budi kutazama kazi tatu ambazo alama hiyo imepewa kwa nyakati tofauti: kuonyesha mahali, kuita na kuarifu.

2.0 Kutoka Mahali hadi Mwito
Kabla ya enzi ya kompyuta, @ ilikuwa alama ya wafanyabiashara. Katika hesabu za Kiingereza ilitangulia bei ya kila kipimo cha bidhaa. Mwaka 1971, Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya Bolt, Beranek and Newman huko Cambridge, Massachusetts, aliichagua itenganishe jina la mtumiaji na jina la kompyuta. Alama hiyo ilikuwapo katika kibodi, haikutumika katika majina ya watu, na kwa Kiingereza ilisomeka kama kihusishi cha mahali. Kazi yake, kwa hiyo, ilikaribia ile ya kiambishi tamati -ni cha Kiswahili: ilieleza mtu anapatikana wapi. Haikumwita.

Hitaji la kuita lilitokana na mazungumzo ya watu wengi kwa wakati mmoja. Katika mfumo wa IRC, uliobuniwa na Jarkko Oikarinen mjini Oulu, Finland, mwaka 1988, mistari ya wasemaji mbalimbali ilipishana katika skrini moja, na jibu liliweza kutokea mbali na swali lake. Washiriki walizoea kuanza mstari kwa jina la msemeshwa, aghalabu likifuatwa na nukta pacha. Werry (1996) aliichambua desturi hiyo kama njia ya kufidia ukosefu wa macho, ishara na sauti, ambavyo katika mazungumzo ya ana kwa ana humwonyesha anayeambiwa. Huo ulikuwa mwito kamili, na ulijengwa na wasemaji wenyewe.

3.0 Desturi Kugeuzwa Mfumo
Twitter ilipoanza mwaka 2006 haikuwa na njia maalumu ya kumjibu mtu mmoja mbele ya wengine. Kabla ya mwaka huo kwisha, baadhi ya watumiaji walikuwa wameanza kuweka @ mbele ya jina la waliyemjibu. Kampuni haikubuni matumizi hayo, iliyafuata. Baadaye mfumo uliitambua alama hiyo na kukusanya mahali pamoja ujumbe wote ulioanza kwa jina la mtumiaji. Uchunguzi wa Honeycutt na Herring (2009) ulionyesha kwamba takriban asilimia 90 ya matumizi ya @ katika sampuli yao yalikuwa ya kumsemesha mtu.

Mwishoni mwa Machi 2009, kampuni ilipanua kigezo: ikaanza kukusanya kila ujumbe wenye jina la mtumiaji, popote jina hilo lilipokaa katika sentensi. Sehemu iliyoitwa “majibu” ikaitwa “kutajwa”. Septemba mwaka huohuo, Facebook nayo iliwawezesha watumiaji wake kutajana kwa @. Tangu hapo, kwa mfumo, kuitwa na kutajwa ni jambo moja.

4.0 Kitenzi cha Kiswahili na Kinachofichwa na Mfumo
Mifano miwili ya kutungwa yatosha kudhihirisha tatizo:

(1) @fulani umekosea hesabu.
(2) @fulani amekosea hesabu.

Katika sentensi zote mbili fulani huarifiwa. Hata hivyo, kiambishi u- katika (1) kinamfanya msemeshwa, ilhali a- katika (2) kinamfanya msemwa, na hadhira ni watu wengine. Mfumo humlazimisha fulani kusikia anavyosemwa. Yaweza kudhaniwa kwamba huu ni mpasho wa taarabu au kijembe cha kanga katika sura mpya, lakini sivyo. Kijembe huficha jina, na aliyerushiwa ana hiari ya kunyamaza kana kwamba hakuguswa. Sentensi (2) inamnyang'anya hifadhi zote mbili: jina liko wazi, na taarifa imeshamfikia. Si ajabu kwamba wasemaji husema “nimekutagi” kwa kiambishi cha yambwa, kama wanavyosema “nimekugusa”.

Suala hili linawahusu moja kwa moja wanaokusanya kopasi. Majina yenye @ mara nyingi hufutwa, ama kulinda faragha ama kusafisha data. Kwa Kiswahili, ufutaji huo hugharimu maana. “Nimewaelewa” huweza kurejelea ninyi au wao. “Umeharibika” huweza kumhusu mtu anayeambiwa au mjadala wenyewe. Jina likiondolewa, mchambuzi hubaki na kiambishi kisicho na mrejelewa, na takwimu za nafsi anazozitoa hukosa msingi.

5.0 Hitimisho
Historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba mwito wa mtandaoni ulianza kama desturi ya wasemaji, kisha ukaunganishwa na taarifa ya mashine isiyotambua nafsi. Faragha ya watumiaji lazima ilindwe, lakini yaweza kulindwa bila kufuta mwito. Inapendekezwa kila jina libadilishwe kwa msimbo, kama vile M1 au M2, ubaki mahali pa jina na urudiwe kila jina hilo linapojitokeza. Hapo itawezekana kuhesabu ni mara ngapi watumiaji wa Kiswahili husemeshana, na ni mara ngapi husemana.