Nyayo za Waafrika katika ngoma za Mexico

Mwaka 1766, Mexico ikiwa bado koloni la Hispania, mahakama ya Kanisa iliyokuwa ikiwasaka wazushi ilipiga marufuku ngoma iliyovuma katika bandari ya Veracruz. Iliitwa chuchumbé. Wachezaji wake walikuwa makabwela, wengi wao machotara wenye asili ya Afrika, na mashairi yake yaliwakejeli watawa.

Asili hiyo ya Afrika ilitokana na utumwa. Inakadiriwa kuwa Waafrika wapatao 200,000 waliingizwa koloni hilo kufanya kazi katika mashamba ya miwa, migodi ya fedha na ufugaji. Baadhi yao waliasi. Mmoja wao, Yanga, aliwaongoza wenzake milimani Veracruz hadi Wahispania wakakubali kuwapa mji wao huru. Leo mji huo una jina lake.

Veracruz ndiko ulikokua muziki wa son jarocho. Watu hukesha wakizunguka tarima, jukwaa dogo la mbao, na wachezaji hupanda kwa zamu kulipiga kwa visigino mpaka liwe ngoma yenyewe. Kinubi na magitaa madogo yana asili ya Hispania. Mapigo yanayopishana, na mtindo wa mmoja kuanzisha wimbo na wengine kuitikia, vina mizizi Afrika. “La Bamba”, iliyotolewa mwaka 1958 kwa sauti ya Ritchie Valens na kuvuma duniani, imetoka huko.

Upande wa Pasifiki, katika pwani ya Costa Chica, vijiji vya watu weusi huadhimisha Siku ya Wafu kwa Ngoma ya Mashetani. Wachezaji huvaa vinyago vyenye pembe na ndevu za manyoya ya farasi, wakiinama na kukanyaga ardhi kwa kishindo. Ala zao ni kinanda cha mdomo, kibuyu kilichowambwa ngozi, na taya la punda ambalo meno yake hukwaruzwa kwa kijiti.

Baada ya mapinduzi ya 1910, serikali ilizitumia ngoma za mikoa kujenga taifa, na mwaka 1952 Amalia Hernández akaanzisha kundi lililozipeleka katika majukwaa ya dunia. Lakini simulizi rasmi ilisema Mmexico ni mtoto wa Mhispania na Mhindi Mwekundu, Mwafrika hakutajwa. Katiba ilimtambua mwaka 2019 tu, na sensa ya 2020 ikahesabu watu zaidi ya milioni 2.5 waliojitambulisha kuwa wa asili hiyo.

Anayefundisha ngoma za Mexico bila kumtaja Mwafrika amefundisha nusu ya historia.