Diski za breki: historia fupi, kutoka kiatu kikuukuu hadi Subaru ya Cheptais

Leo naandika kuhusu diski, lakini si ile inayohifadhi faili zako. Ni diski ya breki, ile sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu na kubanwa na pedi pande zote mbili unapokanyaga breki.

Chanzo ni swali la binamu yangu anayeishi Cheptais, kule Mlima Elgon, kaunti ya Bungoma. Ana Subaru Impreza WRX ya zamani kutoka Japani, na anataka kung'oa diski zilizokuja nayo aweke kubwa zaidi. Akaniuliza: niweke zenye matundu, zenye mifereji, au nitafute za kaboni kama za Formula 1? Nilianza kumjibu kwa SMS, nikaona hazitatosha. Jibu lenyewe limo ndani ya historia. Kila aina ya diski unayoiona sokoni ilibuniwa na mtu aliyekuwa na tatizo fulani, mahali fulani. Sisi wa programu tunajua hili vizuri: kabla ya kuweka maktaba mpya kwenye mradi wako, uliza kwanza iliandikwa kutatua nini.

Na kwa mtu wa Cheptais hili si suala la urembo. Ukitoka kule juu kushuka kuelekea Sirisia na Chwele hadi Bungoma, karibu kila kilomita unaidai breki kitu.

HESABU KIDOGO KWANZA

Breki haziui mwendo. Zinaugeuza mwendo kuwa joto, basi. Tuchukue gari lenye uzito wa kilo 1,400 pamoja na abiria. Likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, limebeba nishati ya kama kilojuli 540. Ukilisimamisha, joto lote hilo linaingia kwenye diski nne na pedi zake.

Sasa mlima. Gari hilo hilo likishuka kimo cha mita 100 bila kuongeza mwendo, linatoa takriban kilojuli 1,370. Hiyo ni sawa na kulisimamisha kutoka kilomita 100 kwa saa mara mbili na nusu, kwa kila mita 100 za kimo. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo, matairi na injini ikiwa umeweka gia ndogo. Ukiweka nyutro ili kuokoa petroli, sehemu ya injini unaihamishia kwenye breki. Lori la tani 28 ni mara 20 ya hesabu hii. Ndiyo maana madereva wazoefu wa malori hushuka mlima kwa gia ndogo, ile ile ambayo wangepandia.

Kwa hiyo historia ya diski ya breki ni historia ya swali moja: hili joto litaenda wapi?

MTU WA MILIMANI

Mwaka 1897, katika vilima vya Derbyshire huko Uingereza, Herbert Frood alianza kutengeneza vitu vya kusimamishia mikokoteni. Wakulima wa huko walikuwa wakishuka milima na mikokoteni ya farasi iliyobeba mizigo, na breki ilikuwa kipande cha mbao kinachosukumwa kwenye gurudumu. Mbao huungua na kuteleza, kwa hiyo watu waligongomea ngozi za viatu vikuukuu juu yake ili ishike vizuri. Frood akaona kwamba kumbe kazi kubwa iko kwenye kile kinachosugua. Akabuni vitambaa maalumu vya msuguano, na kampuni yake ikaja kuitwa Ferodo, jina ambalo bado liko kwenye maboksi ya pedi madukani.

Ukifikiria, huyu alikuwa mtu wa Cheptais wa nchi nyingine: mlima, mzigo na mteremko.

Mwaka 1902, mhandisi Frederick Lanchester wa Birmingham alipata hataza ya breki ya diski ya gari. Wazo lilikuwa zuri kabisa, lakini pedi zake zilikuwa za shaba. Shaba ikisugua chuma hupiga kelele ya kutisha, na pia huisha upesi. Miaka michache baadaye Frood akaleta pedi za asbesto, zikapunguza kelele na kudumu zaidi. Hata hivyo magari mengi yaliendelea kutumia dramu kwa nusu karne nyingine, maana dramu ilikuwa rahisi kutengeneza na ilijifunika yenyewe dhidi ya vumbi na matope.

Kasoro ya dramu ni joto. Ikichemka hupanuka, inajitenga na viatu vya breki vilivyo ndani yake. Unakanyaga pedali inazama zaidi, na gari halisimami. Kwenye diski mambo ni kinyume: diski iko wazi kwa upepo, na ikipanuka inaziendea pedi badala ya kuzikimbia.

LE MANS 1953

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndege zilikuwa tayari zinatumia diski. Kampuni ya Dunlop ikashirikiana na Jaguar kuzileta kwenye magari. Mwaka 1953, katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda wakiwa na Jaguar C-Type yenye diski magurudumu yote manne. Lilikuwa gari la kwanza kumaliza Le Mans kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa, yaani takriban kilomita 170 kwa saa. Wapinzani wenye dramu walilazimika kuanza kukanyaga breki mapema mwisho wa barabara ndefu iliyonyooka. Jaguar ilichelewa kukanyaga, na ilifanya hivyo saa baada ya saa, usiku na mchana, bila breki kulegea.

Miaka miwili baadaye, 1955, Citroën ikatoa DS, gari la kuuzwa kwa watu wengi lenye diski mbele. Kufikia enzi za Peugeot 504, ambayo wengi wetu tunaikumbuka kama teksi ya safari ndefu, diski mbele na dramu nyuma (kwenye yale ya familia) lilikuwa jambo la kawaida.

HUKU KWETU: SAFARI RALLY

Mwaka ule ule wa 1953, Afrika Mashariki ilianzisha mashindano yake, Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara za kawaida za vumbi na matope. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544, aina ya gari ambalo kiwandani lilitoka na dramu magurudumu yote manne. Safari haikuwa mchezo wa nani anasimama haraka zaidi. Ilikuwa mchezo wa nani bado ana gari mwishoni.

Baadaye zikaja Subaru. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akarudia kwa Impreza mwaka 2000. Mashindano yalitoka kwenye ratiba ya dunia baada ya 2002, yakarudi mwaka 2021 yakiwa Naivasha.

Hapa ndipo nataka binamu yangu asome mara mbili. Magari ya daraja la Rally1, yaliyoanza mwaka 2022, yana diski za mbele za milimita 370 yakishindana kwenye lami, na rimu za inchi 18. Magari hayo hayo yakija kwenye changarawe kama ya Naivasha, huvaa rimu za inchi 15 na diski za milimita 300. Yaani mafundi wenye pesa na kompyuta zote za dunia, wakifika kwenye barabara zetu, WANAPUNGUZA diski. Sababu ni kwamba kwenye mawe unahitaji tairi lenye ubavu mnene, na ubavu mnene unataka rimu ndogo, na rimu ndogo haiingizi diski kubwa. Tena kwenye changarawe tairi huteleza mapema, kwa hiyo nguvu ya ziada ya breki haina pa kushika.

MATUNDU, MIFEREJI NA KABONI

Matundu yalikuja kwa sababu pedi za zamani, zilipochemka sana, zilitoa gesi. Gesi hiyo ilikaa katikati ya pedi na diski kama mto, msuguano ukapungua. Ukitoboa diski, gesi inapata pa kutokea. Asbesto ilipojulikana kuwa inaleta saratani ya mapafu, ikaanza kuondolewa, na pedi za siku hizi hutoa gesi kidogo sana. Tatizo lenyewe limepungua, lakini matundu yamebaki kwa ajili ya macho. Gharama yake ni kwamba kila tundu hupunguza chuma cha kubeba joto, na ndipo ufa hupenda kuanzia. Fikiria diski iliyochemka kwa mteremko mrefu, kisha inarushiwa maji baridi ya dimbwi. Mvua za Elgon tunazijua.

Mifereji ni hadithi tofauti. Inakwangua uso wa pedi na kutoa vumbi na tope, bila kutoboa diski kutoka upande hadi upande. Inakula pedi haraka kidogo na ina mngurumo wake, lakini kwa matope ina sababu ya kuwepo.

Kaboni ilitoka angani. Concorde, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1976, ilikuwa na breki za kaboni za Dunlop, na miaka hiyo hiyo timu ya Brabham ilianza kuzijaribu Formula 1. Ni nyepesi na zinavumilia joto ambalo lingeharibu chuma, lakini zikiwa baridi hazishiki vizuri. Asubuhi ya baridi Cheptais, unatoka nyumbani, ng'ombe anavuka barabara: hizo sizo breki unazozitaka. Mwaka 2001 Porsche ikaweka diski za kaboni na kauri kwenye 911 GT2. Hizo hufanya kazi hata zikiwa baridi na zina karibu nusu ya uzito wa chuma. Ila jiwe moja likizichubua, bei ya kununua nyingine inaweza kukaribia bei ya Subaru nzima.

JIBU LANGU KWA BINAMU

Kwanza, chunguza ni wapi hasa mfumo unakwama. Kuongeza RAM hakusaidii kama tatizo ni mtandao. Pedali ikizama mwishoni mwa mteremko, mara nyingi mkosaji ni mafuta ya breki. DOT 3 ikiwa mpya lazima isichemke chini ya nyuzi 205, na DOT 4 chini ya 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Yakishanyonya, kiwango kinachodaiwa hushuka hadi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanyika. Mguu wako unabana mvuke badala ya kubana diski. Badilisha mafuta kila miaka miwili. Hii ndiyo kazi ya bei ndogo kuliko zote kwenye orodha.

Pili, pedi nzuri za kuvumilia joto, za barabarani. Za mashindano zinahitaji kuchemshwa kwanza ndipo zishike.

Tatu, diski yenyewe: chuma cha kawaida, yenye nafasi za upepo katikati, bila matundu, au yenye mifereji kama tope limezidi. Kama WRX yako ina diski za mbele za milimita 277, hatua ya busara ni zile za milimita 294 na kalipa za pistoni nne ambazo Subaru wenyewe waliziweka kwenye Impreza nyingine, juu ya rimu za inchi 16. Brembo za STI zina diski za milimita 326 na zinataka rimu za inchi 17. Kwa lami ya Nairobi sawa, kwa mawe ya Cheptais hapana. Na angalia nafasi za bolti kabla ya kulipa: STI kuanzia modeli ya 2005 zilihama kutoka duara la milimita 100 hadi 114.3. Ni kama toleo jipya la programu ambalo halisomi faili za zamani.

Nne, kila diski ina unene wa chini kabisa ulioandikwa kwenye chuma chenyewe. Fundi akikuambia ataipeleka kuskimu ili iache kutetemeka, mwambie apime kwanza. Diski nyembamba huchemka haraka, maana chuma cha kumeza joto kimepungua.

Tano ni bure: gia ya pili kwenye mteremko.

Kwa upande wetu wa programu, mwaka 1978 Bosch walileta ABS ya kielektroniki kwenye Mercedes-Benz S-Class, na tangu hapo kompyuta imekuwa ikisaidia mguu wa dereva. ABS huzuia gurudumu lisikwame. Haipozi diski. Magari ya umeme yanakwenda mbali zaidi, kwa kurudisha sehemu ya nishati ya mteremko kwenye betri badala ya kuitupa kama joto. Zile kilojuli 1,370 za kila mita 100 ni karibu uniti 0.4 ya umeme. Ukizidisha kwa kimo chote cha kutoka Cheptais hadi Bungoma, si kitu cha kudharau. Binamu yangu hatapenda kusikia hivyo, anapenda mlio wa injini ya Subaru. Kwa sasa nimemwandikia orodha: mafuta, pedi, diski za 294, kwa mpangilio huo. Wenye uzoefu wa milima mingine, Iten, Usambara au Mbeya, karibuni mtupe yenu.