Sensa ya Hewa ya Injini: Utambuzi wa Hitilafu Zake

Sensa ya hewa ni kipimo kidogo kilichowekwa baina ya chujio la hewa na injini, nacho huiarifu kompyuta ya gari uzito wa hewa inayoingia, ili petroli imwagwe kwa kadiri ya gramu 1 kwa kila gramu 14.7 za hewa. Katika namna iliyoenea, ndani yake mna uzi wa platini, mwembamba kama unywele, unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ipitayo huupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto lake ndio hesabu yenyewe.

Uzi huo ukigubikwa na vumbi au mafuta, aghalabu hesabu hupungua na injini ikanyimwa petroli: ndipo gari hutetemeka likisimama, huwa zito mlimani, hata huzimika, na taa ya injini ikawaka kwa alama ya hitilafu P0101 au P0171. Hesabu ikizidi, ekzosi hutoa moshi mweusi.

Ama alama hizo si ithibati, na wengi wamenunua sensa mpya bure, kwani mpira wa kupitishia hewa uliopasuka baina ya sensa na injini huleta dalili zile zile, hewa ikipenya pasipo kupimwa. Basi fundi na aukunje kwanza, achungulie mikunjoni mwake. Kisha, injini ikiwa imezimwa, achomoe waya wa sensa na kuiwasha injini tena: ikitulia kuliko awali, kwa kuwa kompyuta sasa yafuata makadirio yake yenyewe, shaka huielekea sensa. Uzi husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, wala usiguswe kwa kidole wala kitambaa, maana hukatika.